Kovu si dalili ya uovu

Mzazi mpendwa, chunguza katuni anazotazama mwanao. Mwema huwa mrembo wa ngozi laini, naye mwovu ana kilema au kovu. Katika Peter Pan (1953), Kapteni Hook hana mkono mmoja. Katika The Lion King (1994), ami muuaji anaitwa Scar, yaani Kovu.

Hapa Kitale na Bungoma watoto huungua kwa uji, chai au jiko lililowekwa sakafuni. Wakipona, makovu hubaki. Mtoto anayechekwa kwa sababu ya kovu hujificha, huchukia shule, na huenda akakataa hata mazoezi ya kunyoosha kiungo, kikakakamaa.

Sisemi mzime televisheni. Keti naye, umwulize: ni nani aliyemkata Hook mkono? Ni Peter mwenyewe, kisha akamtupia mamba! Je, kukatwa mkono humfanya mtu kuwa mwovu?

Na mtoto akiungua, mwagilia kidonda maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Mpeleke hospitalini. Akirudi darasani na kovu lake, wenzake wawe wameshafunzwa nyumbani kwamba tabia ya mtu haisomwi kwenye ngozi.