Kumbukumbu za Chama Zisikae Katika Akaunti ya Mtu Mmoja

Februari mwaka huu tulipigiwa simu na binti wa bibi mmoja mzaliwa wa Barawa. Wanachama waliotutangulia walimhoji bibi huyo miaka minne iliyopita, sebuleni kwake, hapa hapa mjini. Bibi alikuwa amefariki wiki mbili kabla ya simu ile, Mungu amrehemu. Binti yake hakutaka kitu kikubwa. Alitaka kusikia tena sauti ya mama yake akisimulia walivyoikimbia Barawa kwa mashua vita vilipofika mwaka 1991, mpaka wakashuka Mombasa, na akitaja majina ya vyakula kwa Chimiini, lugha ambayo wajukuu hawaijui. Tulimjibu kwa uhakika kwamba mahojiano yapo na tutamtumia siku hiyo hiyo.

Hayakuwepo. Mwanachama aliyerekodi alikuwa ameshahitimu, na akaunti yake ya chuo ilifungwa kama zinavyofungwa akaunti za wahitimu wote. Faili zilizokuwa ndani ziliondoka nayo. Kati ya faili sita tulipata mbili, tena kwa bahati, kwa sababu mwenzetu mmoja alizinakili kwenye flashi kwa ajili ya kazi ya darasani. Tulimpelekea yule binti hizo mbili. Alitushukuru sana, na shukrani yake ndiyo iliyotuumiza zaidi.

Sisi tunaoandika makala haya ni kamati ndogo ya kumbukumbu iliyoundwa baada ya simu ile. Tuna maoni ambayo tungependa wanachama na walimu wetu wayajadili kabla ya mkutano mkuu wa mwezi huu. Tunasema kwamba chama kinachokusanya sauti za wazee kimepokea amana, na amana haiwekwi mahali ambapo mtu mmoja akiondoka inaondoka naye. Tunasema pia kwamba kununua kifaa, hata kizuri, hakutoshi. Hili la pili tulijifunza kwa kuhangaika, na ndilo tutakalolieleza kwa kirefu.

Tuanze na swali tulilouliziwa na mwalimu mmoja: kwa nini tusilipie tu hifadhi ya mtandaoni? Ni swali la haki. Hifadhi hiyo ni rahisi kutumia na haitoi mlio usiku. Lakini hulipiwa kwa kadi ya benki ya mtu, na kadi hizo huisha muda. Masharti nayo hubadilika bila sisi kuulizwa. Vyuo vingi vilizoea kwamba hifadhi ya Google kwa taasisi za elimu haina kikomo, mpaka kampuni hiyo ilipotangaza mwaka 2021 kwamba kila taasisi itaanzia terabaiti 100 za kugawana watu wote. Baada ya tangazo kama hilo, akaunti ya mhitimu ni kitu cha kwanza ambacho chuo hukipunguza. Hatusemi wanachama waache kutumia hifadhi za mtandaoni. Tunasema isiwe mahali pekee.

Basi Machi tulinunua kisanduku cha hifadhi, kile ambacho wauzaji hukiita NAS. Ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye nafasi ya diski mbili, inayounganishwa kwa waya kwenye ruta. Kila aliye kwenye mtandao wa nyumba ile na mwenye nenosiri anaweza kuweka faili na kuzichukua. Mweka hazina alitupa pauni 250 na kutuonya kwamba hakuna nyingine.

Tuligawa fedha hizo kwa kanuni moja: kisanduku kiwe cha mtumba, diski ziwe mpya. Kisanduku kilitugharimu pauni 65 na diski mbili za terabaiti 4 pauni 90 kila moja. Watu hufanya kinyume chake, wakanunua kisanduku kinachong'aa na kutia ndani diski zilizochoka. Lakini sauti ya bibi haikai kwenye kisanduku, inakaa kwenye diski. Ukubwa huo unatutosha kwa miaka mingi. Rekodi ya sauti isiyobanwa, ya stereo, ya biti 24 na kilohezi 48, hula takriban gigabaiti moja kwa saa. Mali yote ya chama, pamoja na picha na video za Siku ya Kiswahili, haikufika gigabaiti 400.

Mtumba una masharti yake. La kwanza, mtengenezaji awe bado anatoa masasisho ya usalama kwa modeli hiyo. Juni 2021 watu wengi wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital waliamka wakakuta data zao zimefutwa na wavamizi kupitia intaneti. Vifaa hivyo vilikuwa havijapata sasisho tangu 2015. Kwa hiyo kisanduku chetu hatukukifungulia njia ya kufikiwa kutoka nje ya nyumba, na tunaomba kamati zijazo zisifungue hata wakiombwa na mwanachama aliye likizo Muscat. La pili ni aina ya diski. Zipo diski ambazo njia zake za data hupandiana kama vigae vya paa ili nafasi iongezeke. Kwa kuhifadhi na kusoma hazina neno, lakini zinapolazimika kuandikwa upya kwa wingi huwa za polepole sana. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya NAS zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuambiwa. Siku hizi watengenezaji huandika: tafuta CMR, epuka SMR.

Sasa tuje kwenye mahangaiko, maana ndiko elimu iliko.

Siku ya kwanza tulinakili faili zote tukaona mwendo wa megabaiti 11 kwa sekunde. Kwa mwendo huo gigabaiti 400 zinahitaji saa kumi. Tulilaumu mtumba, tulimlaumu muuzaji, na mmoja wetu alishakuwa anaandika barua ya kudai fedha. Kumbe kosa lilikuwa waya wa mtandao tulioutoa kwenye droo. Waya huo una nyuzi nane katika jozi nne. Mwendo wa gigabiti unazitaka jozi zote nne. Jozi moja ikikatika, vifaa vinashuka kimyakimya hadi megabiti 100, ambako jozi mbili zinatosha. Waya mpya wa pauni 4 ulitufikisha megabaiti 110. Ukiona 11, shika waya kwanza.

Wiki ya pili kisanduku kilipotea. Taa zinawaka, lakini kwenye laptopu hakuna kitu. Ruta ilikuwa imezimwa na kuwashwa, ikakipa kisanduku anwani mpya, nasi tulikuwa tunabisha hodi kwenye anwani ya zamani. Dawa yake ni kuiambia ruta ikitengee kisanduku anwani moja ya kudumu. Katika kutafuta dawa hiyo tulikutana na ushauri wa zamani wa kuwasha itifaki ya SMB1 kwenye Windows. Hatukuufuata. Ni kupitia udhaifu wa itifaki hiyo kuukuu ndipo WannaCry ilipoenea Mei 2017 na kukwamisha hospitali za hapa Uingereza, na mwaka huo huo Microsoft iliacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya. Kifaa kisichojua itifaki nyingine ni bora kikae dukani.

Mwishoni mwa Aprili kisanduku kilianza kulia usiku, na waliopanga nyumba ile walitupigia simu saa nane. Diski moja, yenye umri wa wiki sita, ilikuwa inakufa. Hapa inafaa tueleze jinsi tulivyozipanga. Diski zetu ni za kioo, yaani RAID 1: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa kwenye nyingine. Wazo la RAID lilipata jina lake katika makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na herufi ya tatu ya jina hilo hapo mwanzo ilisimama kwa neno lenye maana ya bei nafuu. Diski za bei ndogo zikishirikiana, moja ikianguka zilizobaki zinaendelea. Kwa chama kisicho na fedha hilo ni jambo la kututia moyo.

Dhamana ilikuwepo na risiti tulikuwa nayo, tukapewa diski nyingine bila malipo. Lakini tuliisubiri siku kumi, na siku zote hizo kila kitu chetu kilikuwa juu ya diski moja. Ndipo tulipomwendea mweka hazina tena, vichwa chini, tukaomba pauni 70 za diski ya nje. Alitoa. Tulinakili kila kitu, na Mwalimu wetu akakubali kuifungia diski hiyo kwenye kabati la ofisi yake.

Mwezi uliofuata mwanachama mmoja alikuwa anasafisha folda zilizojirudia. Alifuta folda aliyodhani ni nakala. Ilikuwa ndiyo yenyewe, mahojiano ya miaka mitatu. Hatumlaumu, yeyote kati yetu angeweza kufanya vile. Na diski zetu mbili za kioo zilifanya nini? Zilitii zote mbili. Kioo hakijui kwamba umekosea; ukifuta hapa, kinafuta kule kwa wakati ule ule. Siku ile tulielewa kwa nini wenye kazi hii husisitiza kwamba RAID si nakala ya akiba. Inakulinda na kifo cha diski. Haikulindi na mkono wako mwenyewe, wala mwizi, wala moto, wala bomba linalovuja.

Kilichotuokoa ni diski ya kabatini, iliyokuwa na nakala ya siku 11 nyuma. Tulipoteza unukuzi wa siku hizo 11. Sauti zote zilirudi.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kamati imetumia pauni 319 kwa kifaa kilichosumbua mara nne ndani ya miezi mitatu, tunakubali hesabu lakini hatukubali hukumu. Kila usumbufu ulitufundisha mahali ambapo amana ingeweza kupotea. Tunaongeza gharama ambayo watu huisahau: kisanduku kinachokula wati 15 usiku na mchana hutumia yuniti kama 131 kwa mwaka, na kwa bei ya peni 25 kwa yuniti hiyo ni takriban pauni 33. Wanaoishi katika nyumba ile wasiachiwe walipe wao kwa sababu tu ruta ni yao. Bwenini hatuwezi kukiweka, kwani mtandao wa chuo hautaki kifaa kisichosajiliwa.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya maktaba ya chuo. Tunakubaliana nao nusu. Mwisho wa safari, mahojiano haya yanafaa kukaa maktaba, kwa idhini ya waliohojiwa au familia zao. Lakini maktaba haiwezi kupokea faili zinazoitwa «rekodi mpya 2 mwisho kabisa». Itauliza nani anazungumza, wapi, lini, na alikubali nini. Kisanduku ndicho mahali pa kuyaweka hayo sawa kabla ya kuyakabidhi.

Kwa mkutano mkuu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, nenosiri la msimamizi liandikwe kwenye karatasi, litiwe bahasha na kukaa ofisini kwa Mwalimu, na makabidhiano yake yawe ajenda ya kila uchaguzi, kama yalivyo makabidhiano ya daftari la fedha. Pili, kila kitu kiwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba ile. Tatu, kila mwezi katibu achague faili moja, airudishe kutoka diski ya kabatini na kuisikiliza. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuifungua ni matumaini tu.

Juni tulirudi kwa binti wa yule bibi. Tulimwambia kwamba faili nne bado hatujazipata, na tukamwomba ruhusa ya kuziweka zile mbili mahali patakapodumu. Aliruhusu. Kisha akasema ana shangazi yake Leicester, ana miaka 84, na yeye anazungumza Chimiini vizuri kuliko marehemu. Akatuuliza kama tungependa kuja na kinasa sauti.

Tumemjibu kwamba tutakuja Novemba. Tungependa twende tukiwa na jibu la mkutano mkuu mkononi, kwa sababu safari hii akituuliza sauti itakaa wapi, inatupasa tumwambie.