Zaka ya Mkimbizi: Ibaki Ugenini au Irudi Kwao?



Tangu ilipoanguka serikali ya Siad Barre mwaka 1991, ndugu zetu wa Kisomali wametawanyika Eastleigh, London, Minneapolis na kwingineko. Wengi walifika mikono mitupu. Leo wana maduka na malori, na hutuma hawala kwao. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2015 fedha hizo zilifikia dola bilioni 1.4, kiasi cha asilimia 23 ya pato la nchi. Michango yao ilisaidia pia kukisimamisha Chuo Kikuu cha Amoud, kilichoanzishwa Borama mwaka 1998.

Hata hivyo, husikika mimbarini kwamba zaka ya mkimbizi haivuki mji anaoishi. Hoja ni hadithi ya Muadh (r.a.), aliyetumwa Yemen achukue zaka kwa matajiri wao na kuirudisha kwa mafakiri wao. Hiyo ndiyo kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Wasomali na watu wa mwambao wetu, nasi tunaiheshimu. Lakini Muadh huyo huyo, katika riwaya ya Tawus aliyoitaja Bukhari, aliwataka watu wa Yemen watoe nguo badala ya nafaka, kwa kuwa ni wepesi kwao na bora kwa Maswahaba waliokuwa Madina. Imesemwa kuwa Tawus hakukutana na Muadh. Ni kweli, ila Bukhari ameileta kwa kuitolea hoja. Zaka ilitoka Yemen ikafika Hijazi! Na Muhajirina walikuwa nani kama si watu waliotolewa majumbani mwao?

Jambo moja tunatahadharisha: anachomtumia mama yake asiye na kitu si zaka. Hiyo ni nafaka, nayo ni wajibu kwa mwana mwenye uwezo. Zaka ni ya dada mjane aliye fakiri, ami mgonjwa asiye na kipato, jirani masikini; na kwa jamaa ina ujira wa sadaka na wa kuunga udugu. Wala asimpite mwenye njaa aliye mlangoni pake ugenini.

Ama aliyekwisha kutuma, kisha akaambiwa alipe tena, asilipe. Ibn Qudama, katika al-Mughni, ametaja kuwa kwa wanazuoni walio wengi zaka iliyohamishwa inatosheleza, hata kwa wale wasiopenda ihamishwe.