Si Dharau, Ni Dakika Mbili

Wasee, ile klipu ya Zanzibar niliyoposti wiki jana nimeitoa. Mnauliza nimelipwa na nani. Hakuna mtu amenilipa. Nimeitoa kwa sababu ilikuwa ujinga, na ujinga wenyewe ulikuwa wangu.

Kwa walioikosa: binamu yangu alikuwa ndani ya Caravan, ile ndege ndogo ya propela moja, pale uwanja wa Abeid Amani Karume. Ndege kubwa ya watalii ikatangulia, ikaruka. Wao wakaambiwa wangoje. Mimi huku Matisi nikaandika, "Hata angani maskini anampisha tajiri." Laiki kibao! Nanyi mkaanza kumtusi mwongoza ndege ati amekula hongo.

Sasa sikieni. Ukiwa kwa bodaboda barabara ya Kitale–Webuye, trela likikupita mbio, unajua vile upepo wake unakuyumbisha. Ndege kubwa nayo huacha hewa inayozunguka kama kimbunga kutoka ncha za mabawa, na hiyo hewa huioni kwa macho. Boeing 787 ikijaa ni zaidi ya tani 200. Caravan haifiki hata 5. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinasema ndege nyepesi ingoje dakika 2 nyuma ya ndege nzito kabla ya kuruka, na 3 kama inaanzia katikati ya njia. Wakati wa kutua pia ni 3. Hongo iko wapi hapo? Mnara ulikuwa unamzuia binamu yangu asipinduliwe kabla hajafika hata futi 200.

Halafu kuna nyinyi wa "rubani mwenye kifua hangengoja." Kisiwa cha Tenerife, 27 Machi 1977, ukungu mzito. Kapteni wa KLM, mtu wa kuheshimika sana kwa kampuni yake, alianza kuruka kabla mnara haujampa ruhusa. Ndege ya Pan Am ilikuwa bado kwenye njia ileile. Mhandisi wake aliuliza kama imetoka, akajibiwa ndiyo, akanyamaza. Walikufa watu 583. Tangu hapo neno la kuruka halitupwi ovyo redioni: hutamkwa ruhusa inapotolewa au kufutwa, basi, na rubani lazima airudie mnara usikie.

Msiniambie ni hadithi za kale. Machi 2024 ndege mbili za Wilson ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake wakafa.

Mkitaka kukasirika, kasirikeni na maswali ya maana. Waongozaji wangapi wako zamu? Walilala saa ngapi? Redio zao zinasikika vizuri? Posti moja ya hivyo ina kazi kuliko komenti mia tano za matusi, zangu zikiwemo.

Binamu alifika Dar salama, amechelewa kidogo. Bado amenuna.