Sebule Inayong'aa Si Kipimo cha Malezi

Mgeni akiingia akakuta sufuria zimetapakaa sebuleni, mwiko uko chini ya kochi na mtoto wa mwaka na nusu kakaa katikati, huwa ameshahukumu kabla hajaketi: mama wa hapa mvivu, na mtoto kamshinda. Akienda kwa jirani akamkuta wa umri uleule katulia tuli, vitambaa vya makochi vimenyooka, anatoka akisifu malezi. Hukumu hiyo naikataa yote.

Mtazameni huyo wa sufuria. Anaweka mfuniko mdogo juu ya sufuria kubwa, unatumbukia. Anautoa, anaurudisha, unatumbukia tena kwa kishindo. Anautupa, anatafuta mwingine. Anapima ukubwa, anajifunza ndani na nje, anagundua kwamba kile kishindo kinatoka mkononi mwake. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyewachunguza wanawe watatu tangu uchanga, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1936 kwamba akili huanza kujengeka kwa kushika, kuvuta na kudondosha, kabla mtoto hajajua kusema.

Na ule utulivu wa jirani? Mara nyingi umepatikana kwa katuni. Dada wa kazi ameambiwa mama akirudi akute sakafu inang'aa. Mtoto akimwaga unga, atakayesemwa ni yeye, basi anamkalisha mbele ya televisheni tangu asubuhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa umri huo apate walau dakika 180 za kujongea na kucheza kwa siku, na asifungwe mgongoni wala kitini zaidi ya saa moja mfululizo. Kumkalisha mtoto wa mwaka mmoja mbele ya televisheni au simu haushauri kabisa.

Nitaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Sawa, akunjwe, ila kwa jambo lenye uzito. Katika nyumba hizohizo za kupendeza utakuta mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, ndoo ya maji iko wazi bafuni, na chupa ya chai iko ukingoni mwa meza yenye kitambaa kinachoning'inia, ambacho mtoto akikivuta mara moja tu chai yote inammwagikia. Halafu anachapwa kwa kushika rimoti! Mtoto anayesikia "usiguse" kutwa nzima, siku akilisogelea jiko la mkaa neno hilo halina nguvu tena.

Sitetei uchafu. Choo kioshwe, chakula kifunikwe, mikono ioshwe. Ila mama aliyetoka kazini usiku akashika ufagio kabla ya kumshika mwanawe, kwa kuogopa maneno ya mawifi, ananiuma sana. Na baba asiyejua hata ufagio unakaa wapi asithubutu kuuliza mbona nyumba haieleweki.

Glasi za harusi zipandishwe juu ya kabati. Kitambaa cha meza kikunjwe, kitatandikwa mwakani. Droo ya chini jikoni aachiwe mtoto, iwe na vikombe vya plastiki na vifuniko. Wakwe wakija Jumapili waambiwe wazi kwamba vyombo vilivyo chini ni vya mjukuu wao, na bado hajamaliza navyo.