Ridhaa au Idhini? Utafiti wa Tishu za Ubongo na Deni la Wanakiswahili

Mficha maradhi, wahenga walinena, kilio humfichua. Methali hii inasibu kwa maradhi mengi, ila hukwama inapofika kwenye ubongo. Mzee aliyesahau majina ya wanawe, akapotea njia ya kwake na kuzungumza na watu wasioonekana, hufa, hulizwa na kuzikwa, na kilio kisifichue lolote. Vipimo vya damu na picha za mashine vimepiga hatua katika miaka ya karibuni. Hata hivyo, kauli ya mwisho kuhusu aina ya demensia iliyomshika mtu bado hutolewa na tishu ya ubongo wenyewe, ikishakatwa vipande vyembamba, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Ndivyo alivyofanya Alois Alzheimer. Auguste Deter, mwanamke aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, alifariki Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa Munich, na Novemba mwaka huo Alzheimer akawaeleza wenzake mjini Tübingen kuhusu mabaka yaliyotanda baina ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Lisilotajwa sana ni kwamba miongoni mwa vijana waliopata kufanya kazi katika maabara ya Alzheimer alikuwamo Mwafrika, Solomon Carter Fuller, mzaliwa wa Monrovia, Liberia. Fuller alichunguza bongo za wagonjwa nchini Marekani na, jambo linalowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili, mwaka 1912 alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya taarifa ile ya Kijerumani. Alikuwa mwanasayansi na mfasiri kwa mpigo.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kando. Mwaka 1996, Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa Kenya, Tanzania na ng'ambo walichapisha uchunguzi wa bongo za wazee wa eneo hili waliofariki bila dalili za demensia. Katika baadhi yake walikuta mabaka yale yale ya Alzheimer. Hivyo dhana kwamba maradhi haya ni ya Wazungu ilipata pigo. Lakini utafiti uliofanywa Ibadan miongoni mwa Wayoruba ulionyesha kwamba jeni ya APOE ya aina ya nne, ambayo huongeza sana hatari ya maradhi haya kwa Wazungu, haikuwa na nguvu ile ile kwao. Basi bongo za Ulaya haziwezi kusema kwa niaba ya bongo zote, na ni jambo la busara kwamba Ibadan imejianzishia hifadhi yake.

Uvimbe wa ubongo una mkondo tofauti. Hapa tishu hutolewa na mpasuaji kutoka kwa mtu aliye hai, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani huainisha vimbe nyingi za ubongo kwa kuzingatia jeni zake pamoja na umbo la seli. Kipande kidogo kinachohifadhiwa kwenye barafu kali kinaweza kuwafaa watafiti kwa miaka mingi. Mwenye kukitoa, hata hivyo, huombwa ruhusa akiwa amejawa na hofu ya kisu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kutoa mwili wake au sehemu yake kwa wasia, kwa hati yenye mashahidi wawili, au kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Kauli ya mdomo! Wanasheria wamelifungulia Kiswahili mlango, nao wanakiswahili bado wamesimama kizingitini. Fomu hutungwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa kwa pupa na yeyote aliye karibu. Neno linaloteuliwa aghalabu ni idhini, ambayo mtu huweza kuitoa shingo upande. Ridhaa ni kukubali kwa moyo mkunjufu, baada ya kuelewa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo uti wa maadili ya utafiti.

Au lichukuliwe neno benki. Kwa sikio la mwananchi, kinachowekwa benki hutolewa na kuzalisha faida. Si ajabu akihisi kwamba ubongo wa babake utauzwa. Pwani kuna neno wakfu: kitu kilichotolewa kwa manufaa ya watu, kisichouzwa wala kurithiwa. Wanazuoni wa fikihi watakuwa na lao kuhusu kulitumia kwa kiungo cha maiti, na ni heri waulizwe mapema. Lakini neno hilo lina heshima ambayo benki haina.

Hatari ya kukosa maneno haiishii maabara. Neno wazimu lina ukoo na mizimu, na jirani anayemwona bikizee akizurura usiku na kujisemea huwa tayari ana jina la kumpa. Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, umati uliwaua wanawake wanne wazee. Hakuna awezaye kudai kwamba marehemu hao walikuwa wagonjwa. Linaloweza kudaiwa ni kwamba jamii isiyo na jina la ugonjwa hutumia jina jingine lililo karibu.

Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Mmoja wao na aketi na daktari wa neva, shehe, mchungaji na wazee wa kijiji, waandike fomu moja ya ridhaa kwa Kiswahili tangu mwanzo, isiwe tafsiri. Kisha isomwe kwa sauti mbele ya ajuza asiyejua kusoma, naye aulizwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Akishindwa, ifutwe iandikwe upya.