Kunenepa Si Kuneemeka

Kuna imani iliyotia mizizi mijini na mashambani kwamba mtoto mnene ndiye mwenye afya. Mama akipita na mtoto wa mashavu yaliyojaa, majirani husifu, "Huyu analishwa kweli kweli!" Aliye mwembamba huulizwa kama kwao kuna njaa. Mimi nasema kunenepa si kuneemeka, na yafaa umma uambiwe hivyo mapema.

Sikatai kwamba njaa ipo. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5 hapa Kenya, 18 wamedumaa, na 3 tu ndio wenye uzani uliozidi. Basi kelele za nini? Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kuwa duniani watoto wa miaka 5 hadi 19 walio na unene wa kupindukia wamewapita kwa idadi wale wenye uzani mdogo. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi bado tuko kwenye ufa.

Ufa wenyewe u wapi? Tazameni nje ya lango la shule ya kutwa saa saba mchana: vibanzi, mandazi na soda. Githeri eti ni ya washamba! Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko 7 hivi vya chai. Nani kati yetu angetia vijiko 7 katika kikombe kimoja, mama akinyamaza?

Jioni nayo twapanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi. Shirika la Afya Duniani lashauri vijana wa rika letu wafanye mazoezi angalau dakika 60 kila siku. Walimu wetu mtuwie radhi, lakini kipindi cha michezo kikigeuzwa kuwa cha hesabu, dakika hizo tutazitoa wapi? Kisukari na shinikizo la damu havingoji mtu amalize mtihani.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mafunzo yasiishie kwenye mabango ya hospitali. Yafike katika mabaraza ya machifu, makanisani, misikitini na mikutano ya wazazi.

Pili, mtoto hupimwa uzani kliniki hadi miaka 5, kisha basi. Shule ziendeleze kazi hiyo kila muhula, tena faraghani, si mbele ya gwaride.

Tatu, wenye vibanda wasifukuzwe, kwani nao wanatafuta riziki. Waombwe wauze pia ndizi, machungwa, mahindi ya kuchoma na maji. Tukivinunua, wataviuza.

Mwisho, wanafunzi wenzangu, tuache kuwabandika majina wenzetu wanene. Kicheko hakijampunguzia mtu hata kilo moja. Humfanya aukimbie uwanja wa michezo tu, na huko ndiko tunakotaka aje. Tumwite kwa jina lake, tumrushie mpira, tucheze naye.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi na walimu, tuleeni tukiwa na afya. Nasi tutatimiza sehemu yetu pale langoni.