Kuku anayekula mayai: tatizo ni banda, si kuku

Mfugaji mdogo wa Mzumbe ana soko ambalo wenzake wa vijiji vya mbali wangelitamani. Chuo Kikuu kiko mlangoni, wauza chipsi wanahitaji mayai kila siku, na barabara kuu ya Iringa humfikisha Morogoro mjini kwa muda mfupi. Hata hivyo, mayai mengi huishia bandani kwa sababu mbili: kuku wanaokula mayai na kuku wanaoatamia bila mpango.

Kuku mmoja akila yai moja kwa siku, kwa siku 30 mfugaji amepoteza trei nzima. Wengi huamua kumchinja. Lakini tabia hii mara nyingi huanza kwa yai lililopasuka: ganda ni jepesi kwa kukosa chokaa, viota ni vichache, au mayai yameachwa bandani hadi jioni. Kuku akishaonja hujifunza kudonoa, na wenzake huiga. Akichinjwa mmoja na banda likabaki vilevile, atatokea mwingine.

Dawa yake si ghali. Kiota kimoja kitumiwe na kuku wanne au watano, kiwe na giza na majani makavu. Mayai yaokotwe angalau mara mbili kwa siku, na maji yasikosekane. Maganda yachomwe, yasagwe kabisa na kuchanganywa na pumba. Yakitupwa mazima, kuku huzoea kuyadonoa.

Kuatamia nako ni suala la hesabu. Kuku wa kienyeji akitaga siku 15, akaatamia siku 21 na kulea siku 84, mzunguko ni siku 120, yaani mara tatu kwa mwaka. Vifaranga wakitenganishwa naye wakiwa na wiki nne, kisha akapumzika wiki mbili, mzunguko hushuka hadi siku 78, yaani mara nne na ushee. Sharti ni kwamba vifaranga wapate joto, chakula na chanjo ya kideri. Bila hayo, ni heri wabaki na mama yao.

Kwa hiyo mfugaji achague. Anayetaka mayai ya kuuza amtoe kuku kiotani mapema, amweke siku tatu au nne kwenye tenga lililoinuliwa, linalopitisha hewa chini, akiwa na chakula na maji. Kumchovya kwenye ndoo ni kumtesa tu. Anayetaka vifaranga aatamishe mitetea watatu siku moja, mayai 12 kila mmoja, ili vifaranga wachanjwe pamoja, kwani chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi.

Siku hizi mfugaji hushawishiwa kukopa anunue mashine ya kutotoleshea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wako jirani, na mabwana mifugo wako kwenye kata. Wamsaidie kwanza kurekebisha viota. Mkopo wa mashine hauwezi kulipwa na mayai yanayoliwa bandani.